Mzabibu mzee na chupa ya dola 35: unalipia nini hasa?

Swali: "Shikamoo kaka. Nina mgahawa mdogo hapa Arusha. Shemeji yangu anayeishi Sacramento, Marekani, ameniletea chupa mbili za divai nyekundu ya Zinfandel. Moja aliinunua dola 12. Nyingine dola 35, na kwenye lebo yake kuna maneno Old Vine, yaani mzabibu mzee. Baba yangu mdogo analima zabibu Dodoma. Nilipomwonyesha alicheka, akasema mzabibu ukizeeka unang'olewa, hauuziwi watu kwa bei mara tatu. Nani yuko sahihi? Na mbona kilevi kimeandikwa asilimia 15.5? Niihifadhi au niifungue? Halafu kuna muuzaji ameniambia Primitivo ya Italia ni zabibu hiyohiyo. Ni kweli?"

Marahaba, dada. Nianze na baba mdogo, kwa sababu kicheko chake kina hesabu ndani yake. Mkulima anayelipwa kwa kilo hana sababu ya kuupenda mzabibu mzee. Huko Lodi, mji wa zabibu ulio mwendo mfupi wa gari kusini mwa Sacramento, shamba changa lililotandazwa kwenye nyaya na kumwagiliwa kwa matone linaweza kutoa tani 8 hadi 10 kwa ekari. Shamba la mizabibu ya miaka mia moja, mwaka ukiwa mzuri, hutoa tani 2 au 3, na zipo ekari zinazoishia tani moja. Tani ya Kimarekani, ambayo ni kilo 907, hujaza chupa 700 hivi. Piga hesabu: ekari ya kwanza chupa 6,000 na ushei, ya pili chupa 1,500. Ardhi bei yake ni ileile, mpogoaji anataka ujira wake uleule, na mzabibu mzee hauvunwi kwa mashine. Unavunwa kwa mkono na kisu kifupi, mtu ameinama tangu alfajiri. Sehemu kubwa ya zile dola 23 za tofauti imeshajieleza kabla hatujang'oa kizibo.

Kwa hiyo kuhusu shamba, baba mdogo hajakosea hata kidogo. Kilichobaki ni kama ndani ya chupa kuna kitu ambacho shamba changa haliwezi kukitoa. Kwa maoni yangu kipo, mara nyingi. Ila maneno yale mawili kwenye lebo si ushahidi wake.

Sheria za Marekani zinabana mambo mengi ya lebo. Ukiandika Zinfandel, angalau asilimia 75 ya divai iwe imetoka kwenye zabibu hiyo. Ukiandika jina la shamba, asilimia 95 iwe imetoka kwenye shamba hilo. Lakini Old Vine haina tafsiri ya kisheria. Mizabibu ya miaka 120, ruksa. Ya miaka 40, ruksa. Ya miaka 25 ambayo mwenye kiwanda ameichoka kuitazama, ruksa pia. Mwaka 2024 OIV, shirika la kimataifa la mizabibu na divai, lilikubaliana kwamba mzabibu uhesabiwe mzee ukitimiza miaka 35, ila hilo ni pendekezo tu, halimfungi mtu. California kwenyewe kuna Historic Vineyard Society, chama kinachoandikisha mashamba ya kale tangu 2011. Masharti yao ni mazito zaidi: shamba liwe limepandwa si chini ya miaka 50 iliyopita, na angalau theluthi moja ya mizabibu iliyosimama leo iwe ile ya mwanzo.

Kwa nini theluthi tu? Kwa sababu mizabibu hufa kama watu, mmoja hapa mwingine pale. Kuvu huingia kwenye jeraha la kupogoa na kula mbao taratibu kwa miaka, hadi shina linabaki ganda lenye tundu unaloweza kupitisha ngumi. Mwenye shamba anaziba pengo kwa mche mpya. Ukitembea kwenye shamba lililopandwa 1900 utakuta babu, mtoto na kitukuu kwenye mstari mmoja.

Sasa geuza chupa yako ya dola 35 usome nyuma. Ukikuta jina la shamba, eneo na mwaka wa kupandwa, shemeji amenunua kitu. Ukikuta picha ya shina lililopinda na hadithi ya babu aliyependa jua, basi amelipia picha. Waswahili walishasema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mzabibu wenyewe ukoje? Umezoea kuona zabibu za Dodoma zimepandishwa kwenye nyaya. Zinfandel ya kale haina waya wala nguzo. Kila mzabibu unasimama peke yake, kimo cha kiuno, shina nene kama kinu, na juu yake mikono mifupi imetawanyika pande zote kama kikapu. Kila majira ya baridi, wakati umelala bila jani, mpogoaji anakata matawi ya mwaka jana na kuacha vipande vyenye macho mawili ya kuchipua. Wengi hawaumwagilii maji, au huumwagilia kidogo sana. Kiangazi cha California hakina mvua kuanzia Mei hadi Oktoba hivi, kwa hiyo mzabibu unakunywa kile ambacho mizizi imekitafuta chini kabisa. Lodi kuna sehemu ambazo udongo ni mchanga mtupu, na mchanga huo ndio uliookoa mizabibu isiuawe na filoksera, mdudu anayenyonya mizizi. Hawezi kusafiri vizuri kwenye mchanga. Ndiyo maana huko kuna mizabibu iliyosimama kwa mizizi yake yenyewe, haikupandikizwa juu ya shina la aina nyingine kama inavyofanyika karibu dunia nzima.

Ninavyoelewa mimi, faida ya uzee ni utulivu. Mzabibu mchanga mvua ikija unafurika, joto likija unanyauka, na zabibu zake zinayumba nao. Mzabibu mzee una akiba kwenye mbao na mizizi. Unazaa kidogo, punje zake huwa ndogo, na ganda ndilo lenye rangi, harufu na ukakasi. Punje ndogo maana yake ganda jingi kwa maji machache. Ndipo divai inapopata uzito bila kuongezewa kitu.

Lakini niwe mkweli kwako: kuna udanganyifu wa macho hapa. Mashamba mabovu yaliyopandwa 1890 yaling'olewa zamani. Yaliyobaki yalibaki kwa sababu yalikuwa mazuri tangu mwanzo, udongo mzuri, upepo mzuri, mwenye shamba king'ang'anizi. Tunausifu uzee, kumbe pengine tunasifu mahali. Na uzee una kasoro zake: mizabibu mingi ya kale ina virusi vinavyochelewesha sukari kupanda. Wageni wakija Oktoba hupiga picha majani mekundu wakisema shamba limependeza. Mara nyingi uwekundu ule ni ugonjwa.

Jambo jingine linalopendeza kwenye mashamba haya ni mchanganyiko. Waliopanda, wengi wao wahamiaji kutoka Italia, hawakupanda aina moja. Katikati ya Zinfandel walichomeka Carignane kwa ajili ya uchachu, Petite Sirah kwa ukakasi na rangi, Alicante Bouschet ambayo hata nyama yake ni nyekundu. Zote zinavunwa siku moja na kuchachuka pamoja. Ni kama pilau: huwezi kuipika halafu ukatia bizari mwishoni ukategemea ladha ileile. Kiwanda cha Ridge kimekuwa kikitoa divai ya Geyserville tangu 1966 kutoka kwenye shamba la namna hii, na mara nyingi Zinfandel ndani yake haifiki asilimia 75, kwa hiyo mbele ya chupa hawaandiki jina la zabibu, wanaandika jina la mahali. Asilimia za kila aina wameziweka wazi kwenye lebo. Nawapenda kwa hilo.

Tuje kwenye kilevi. Hiyo 15.5 haikutokana na kuongezewa pombe kali. Imetokana na tabia mbaya ya Zinfandel ambayo ukishaiona kiganjani huisahau. Chukua kichala kimoja mwezi Septemba. Kimebana, punje zimesukumana. Upande mmoja punje ni nyeusi, zimeiva, ukibonyeza juisi tamu inaruka. Katikati kuna mbili tatu za waridi ambazo ukizitafuna zinakunja uso. Na upande uliotazama jua la magharibi kuna punje zilizokwisha kusinyaa, zabibu kavu kabisa, tamu kama tende. Zote kwenye kikonyo kimoja, siku moja. Ukivuna mapema uchukue nazo mbichi. Ukisubiri mbichi ziive, nusu ya kichala imekauka.

Nilifanya kazi misimu mitatu ya mavuno kule kaunti ya San Joaquin. Msimu wa kwanza nilitumwa nipime sukari ya tangi jipya jioni. Kipimo kikasoma digrii 25, yaani gramu 25 za sukari kwa kila gramu 100 za juisi. Nikaandika ubaoni kwa fahari, tena kwa kalamu isiyofutika. Asubuhi msimamizi akaniambia pima tena. Ikasoma 27. Nikadhani kipimo kimeharibika. Akachota maganda kwa mkono akanionyesha: zile zabibu kavu zilikuwa zimelowana usiku kucha, zimevimba, zimemwaga sukari yao kwenye juisi. Kila digrii ya sukari, chachu ikishaila, huzaa kilevi cha asilimia 0.55 hadi 0.6. Kwa hiyo 25 ingetupa asilimia 14 na kitu. 27 ndiyo hiyo 15.5 yako. Ule ubao ulikaa na kosa langu hadi Novemba.

Na usiichukulie hiyo 15.5 kama msahafu. Divai ikizidi asilimia 14, sheria ya Marekani inaruhusu lebo ikosee kwa asilimia moja juu au chini, mradi isivuke mpaka wa 14. Chupa yako inaweza kuwa 14.5 au 16.5. Ninachokuomba uangalie ni kama kilevi kinakuchoma. Divai iliyosimama sawasawa hubeba 15.5 bila kukuambia. Iliyolegea utaisikia kooni kama dawa ya kikohozi.

Hadithi ya zabibu hii ni ndefu. Mizabibu yake ilifika pwani ya mashariki ya Marekani miaka ya 1820, ikiletwa Long Island na George Gibbs, mfanyabiashara wa miche, kutoka bustani ya kifalme ya Vienna. Kule Boston waliilima ndani ya nyumba za vioo, wakaila mezani kama matunda. Mbio za dhahabu za 1849 zilipovuta watu California, miche iliwafuata. Dhahabu ilikwisha, mizabibu ikabaki. Ndiyo sababu kaunti ya Amador, ambako wachimbaji walipiga kambi, hadi leo ina mashamba ya karne ya 19.

Halafu serikali ikapiga marufuku pombe, 1920 hadi 1933. Ungetegemea mizabibu yote ing'olewe. Haikuwa hivyo, kwa sababu sheria iliacha mwanya: familia iliruhusiwa kutengeneza nyumbani galoni 200 za juisi ya matunda kwa mwaka, lita 750 na zaidi, na hakuna aliyekwenda kuchungulia kama juisi imechachuka. Mabehewa ya zabibu yakawa yanapakiwa California kwenda New York na Chicago, ambako Waitaliano walizisubiri stesheni. Mashamba yakaendelea kulipa.

Wokovu wa pili ni wa kuchekesha, na wajuzi wa divai hawapendi kuukiri. Miaka ya 1970 kiwanda cha Sutter Home kilikuwa kikimwaga kando sehemu ya juisi ya Zinfandel ili nyekundu iliyobaki iwe nzito, na hiyo juisi ya pembeni kikaiuza kama divai nyeupe. Mwaka 1975 tangi moja lilikwama. Chachu ikasimama kabla ya kumaliza sukari. Kikatoka kinywaji cha waridi, kitamu, chepesi. Wateja wakakigombania. Miaka ya 1980 White Zinfandel ilikuwa kila mahali, zabibu zake zikatakiwa mno, na mkulima aliyekuwa karibu kung'oa mizabibu ya babu yake ili apande kitu kingine akaiacha isimame. Kinywaji ambacho wengine wanakibeza kama soda ndicho kilichotunza mizabibu ambayo leo divai yake inauzwa dola 35. Mimi sikibezi.

Kuhusu Primitivo, muuzaji wako amesema kweli. Mwaka 1967 Austin Goheen, mtaalamu wa magonjwa ya mimea kutoka Marekani, alikuwa Puglia kusini mwa Italia akaonja divai iliyomkumbusha nyumbani. Alipotazama mizabibu akaona sura ya Zinfandel. Vipimo vya vinasaba baadaye vikathibitisha. Lakini Italia nayo haikuwa nyumbani kwa zabibu hii. Carole Meredith wa chuo kikuu cha California, Davis, pamoja na Ivan Pejić na Edi Maletić wa Zagreb walizunguka pwani ya Dalmatia wakikusanya majani, na mwaka 2001 wakaipata Kaštel Novi, karibu na mji wa Split, Kroatia: mizabibu michache tu katika shamba la zamani, wenyeji wakiiita Crljenak Kaštelanski. Jina lake la kale zaidi ni Tribidrag, na limo kwenye maandishi ya pwani hiyo tangu karne ya 15. Kwa hiyo ni zabibu moja yenye majina manne. Lakini usizitegemee zilingane kwenye glasi. Primitivo nyingi ninazoziona madukani ni laini, zina utamu wa tunda lililopikwa. Zinfandel ya Lodi inakaribiana nazo. Ya bonde la Dry Creek, Sonoma, ina pilipili manga na uchachu zaidi, na ya Amador ina joto na harufu ya vumbi la kiangazi ambayo ama utaipenda ama utaikimbia.

Niihifadhi au niifungue? Ya dola 12 ifungue wiki hii. Haikutengenezwa ingoje mtu. Ya dola 35, kama ina mwaka wa mavuno wa karibuni na una mahali pasipofika joto, inaweza kukaa miaka mitano bila wasiwasi. Za mashamba makubwa ya majina hukaa kumi na zaidi. Ila nauliza, una mahali hapo? Kabati la jikoni kwenye mgahawa, karibu na jiko la mkaa, litaiua ndani ya miezi michache. Utafungua ukute harufu ya jamu iliyoungua. Kama huna chumba baridi, ifungue mapema uifurahie ingali hai.

Siku ya kuifungua, iweke kwenye friji dakika 25 kwanza. Najua tumefundishwa nyekundu isiguswe na baridi, lakini waliotufundisha walikuwa na vyumba vya nyuzi 17, na 16 hadi 18 ndipo Zinfandel inapokaa vizuri. Ikiwa na joto la mchana wa Arusha, kilevi kitaruka puani kabla ya tunda. Nyama choma ya mbuzi yenye mafuta yake inaifaa sana, kwa sababu mafuta yanaulainisha ukakasi. Pilau yenye mdalasini na karafuu pia. Pilipili kichaa iweke mbali, maana kilevi kikikutana nayo mdomo unawaka mara mbili. Na kachumbari isizidi ndimu, la sivyo divai itaonekana imepwaya.

Ukitaka kujaribu mzabibu mzee bila kusubiri shemeji asafiri, tazama rafu za divai za Afrika Kusini, ambazo kwetu ni rahisi kupatikana. Kule kuna muhuri wa Certified Heritage Vineyards unaobandikwa kwenye chupa, na umeandikwa mwaka ambao shamba lilipandwa. Miaka 35 ndiyo ya chini kabisa. Si Zinfandel, nyingi utakuta ni Chenin Blanc nyeupe au Pinotage, lakini angalau huyo mzee ana cheti cha kuzaliwa.

Kwa baba mdogo, mwambie nimekubaliana naye, ila mazingira yake ni tofauti na ya Lodi. Mzabibu wa Dodoma haupati baridi ya kuulaza. Unapogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo unachoka mapema, na miaka 30 ya kule kwake ni mavuno 60. Asitunze mizabibu iliyochoka kwa sababu ya chupa uliyomwonyesha. Lakini kama ana mistari miwili mitatu ambayo kila mwaka inazaa kidogo na zabibu zake ndizo watoto wanazoziiba kwanza, hiyo asiing'oe kabla hajaitengenezea divai yake peke yake, kwenye chombo chake, walau dumu moja.